Usawa haujileti wenyewe, hata kati yetu makuchu

"Sisi sote ni makuchu, hapa hakuna Mkongomani wala Mganda." Makuchu ndivyo tunavyojiita mashoga, wasagaji na wenzetu hapa Uganda. Maneno haya nimeyasikia katika vikao vingi hapa Kampala, na kila yakitamkwa watu hupiga makofi. Yanatoka moyoni, sikatai. Lakini nimemwangalia vizuri anayeyatamka. Karibu kila mara ni yule ambaye kikao kinaendeshwa kwa lugha yake, ambaye jina lake liko kwenye kila orodha, ambaye akigongewa mlango usiku anajua mwanasheria wa kumpigia simu. Aliyekaa nyuma karibu na mlango, akisubiri mwenzake amnong'onezee kilichosemwa, sijawahi kumsikia akiyatamka.

Rafiki zangu wa Bukavu na Nairobi wananiuliza kikundi chetu kinafanya nini hasa, na kwa nini nasema kazi yetu ni usawa wa rangi na asili wakati sote tunawindwa na sheria moja. Leo nataka kujibu kwa urefu.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikulia Birere, Goma, hatua chache kutoka mpaka wa Gisenyi, na niliingia Uganda kwa Bunagana. Sheria ya jinai ya Congo haikuwa na kifungu kinachotaja mapenzi ya wanaume wawili. Kilichonitoa kwetu ni vita, na baba mdogo aliyeapa kwamba nisilale tena chini ya paa la ukoo. Nikafika katika nchi iliyopokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, nchi ambayo sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaniruhusu kufanya kazi na kutembea nitakako. Nchi hiyohiyo, kwa sheria iliyotiwa saini Mei 2023, inaweza kunifunga kifungo cha maisha kwa sababu ya ninayempenda. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele vichache, kikiwemo kile kilichowalazimisha watu kuripoti wenzao na vile vilivyomtia hatiani mwenye nyumba. Vingine vyote vikabaki, hata adhabu ya kifo kwa makosa waliyoyaita mazito. Nashukuru kupokelewa na naogopa kufungwa, vyote viwili kwa pamoja.

Tangu Agosti 2022, serikali iliposimamisha Sexual Minorities Uganda, shirika lililokuwa mwavuli wa makuchu tangu 2004, mzigo mkubwa umeshukia vikundi vidogo visivyo na ofisi wala bango. Chetu ni kimojawapo. Kinaendeshwa kwa kile ambacho sisi watu wa Kivu tunaita likelemba: kila mtu anatoa kiasi kilekile kila Jumapili, na fungu linakwenda kwa mmoja, kwa zamu. Tunatoa elfu kumi. Kando yake kuna sanduku la dharura, la kodi mtu akifukuzwa, la boda ya usiku kwenda kliniki, la dhamana. Tuko Waganda, Wakongomani, Wanyarwanda, Walugbara wa Arua, kijana wa Juba, na mzungu mmoja ambaye nitamfikia. Mahali tunapokutana sitapataja.

Sasa ngazi ilivyo. Juu kabisa hukaa mzungu, hata kama hana kitu mfukoni. Akiingia kwenye sherehe, kiti kinatafutwa. Kuwa na mpenzi mzungu ni cheo, na wako vijana wanaokibeba cheo hicho kama kitambulisho. Chini yake yuko Mganda wa mjini mwenye Kiingereza safi, maana ndiye atakayezungumza na wafadhili. Mtu wa Kaskazini anakuja baadaye, na anataniwa kwa lafudhi yake. Sisi wakimbizi tuko chini, na hata huku chini tunagawana: Wakongomani wenye sura inayofikiriwa kuwa ya Kinyarwanda wanasimangwa na Wakongomani wenzao, kwa maneno yaleyale yanayoua watu nyumbani. Na Msudan Kusini, kwa weusi wake, ndiye wa kuchekwa na wote.

Kijana wetu wa Juba alikuwa akienda kwenye kikundi kingine kabla hatujaanza chetu. Kila akiingia, mtu angesema, "Washeni taa tumwone." Alicheka pamoja nao. Siku moja hakuja, na wiki zikapita bila mtu kuuliza. Tulipompata alikuwa amejifungia chumbani Nsambya, ameacha dawa zake za virusi vya ukimwi, anakonda. Alituambia kwamba foleni ya dawa ilikuwa na watu walewale wa "washeni taa". Tangu siku ile nimekataa kuita maneno hayo utani. Yalimfikisha mtu kwenye kitanda cha hospitali.

Kuna pia simu zetu. Ukifungua programu za kutafuta wapenzi hapa Kampala, hapa kwenye mji wa watu weusi, utakuta wasifu ulioandikwa kwamba weusi hawatakiwi, na mwandishi wake ni mtu anayeishi kati yetu. Grindr, mojawapo ya programu hizo, ilitangaza mwaka 2020 kwamba inaondoa kichujio cha rangi. Hatua nzuri, lakini anayetaka kuchuja bado anaandika kwa mkono wake. Nimeona pia vijana weusi wa hapa wakiandika kwamba wanataka "weupe tu", na nimekaa na baadhi yao. Hakuna aliyezaliwa na sharti hilo. Wamejifunza kwa kuangalia nani anakaribishwa wapi.

Na lugha. Kiswahili hapa Kampala kina kovu. Wazee wanakikumbuka kama lugha ya askari na ya majambazi, na ingawa baraza la mawaziri lilikipitisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi, ukiongea Kiswahili dukani bado kuna anayekukazia macho. Ndani ya vikao vya makuchu ni vivyo hivyo. Wakati wa korona mwaka 2020, usafiri ulipofungwa na cherehani zetu zikanyamaza, kulikuwa na posho, yaani unga wa mahindi, na maharagwe ya kugawiwa makuchu. Taarifa ilipita kwenye simu kwa Kiganda peke yake. Sisi tulipata habari magunia yalipokwisha. Aliyeandika ujumbe ule hakutuchukia. Hakutukumbuka tu, na njaa haikujali tofauti hiyo.

Ndiyo maana nasema kuteseka pamoja hakutoshi. Mtu anayepigwa na jirani yake anaweza kugeuka akampiga aliye chini yake, jioni ileile. Usawa lazima uwekwe kwa kanuni: nani anaongea lini na kwa lugha gani, nani anashika daftari la fedha, nani anasimama mlangoni.

Haya hatukuyaanza sisi. Aliyenifundisha zaidi ni mtu ambaye sikuwahi kumwona, Simon Nkoli wa Soweto. Mwaka 1983 alijiunga na chama cha mashoga cha Afrika Kusini, GASA, kilichokuwa cha wazungu kwa sehemu kubwa. Shughuli nyingi za chama zilifanyika mahali ambapo mweusi, kwa sheria za ubaguzi, hakuruhusiwa kukanyaga. Nkoli akaanzisha kundi lake la weusi, la Jumamosi. Mwaka 1984 akakamatwa pamoja na viongozi wa mapambano dhidi ya ubaguzi, wakafunguliwa kesi ya uhaini iliyojulikana kama kesi ya Delmas, ambayo wangeweza kunyongwa. GASA ikasema haishughuliki na siasa, ikamwacha. Na huko gerezani, alipojitambulisha kuwa shoga, baadhi ya washtakiwa wenzake hawakutaka kusimama naye kizimbani. Fikirini mtu huyu alipo: mashoga wamemkataa kwa sababu ni mweusi anayepigania weusi, na weusi wenzake wanasitasita kwa sababu ni shoga. Alibaki na pande zote mbili. Alijadiliana na wenzake gerezani mpaka wakabadilika, na baadhi yao baadaye walikuwa katika uongozi wa nchi wakati katiba ya 1996 ilipokataza ubaguzi kwa misingi ya mapenzi ya mtu, katika nchi iliyokuwa ya kwanza duniani kuandika hivyo. Aliachiwa huru mwaka 1988, na mwaka huohuo akasaidia kuanzisha GLOW, chama cha rangi zote ambacho weusi walikuwa wengi. Tarehe 13 Oktoba 1990 wakaandamana Johannesburg, na walioogopa kuonekana waliruhusiwa kuvaa mifuko ya karatasi usoni. Mifuko ile inanigusa kuliko hotuba yoyote ya siku ile. Waandaaji walijua kwamba hatari si sawa kwa kila mtu, wakaweka nafasi kwa mwenye kuogopa bila kumwambia abaki nyumbani.

Nkoli alifariki kwa ukimwi mwaka 1998. Hakuwa amefikisha hata miaka 42.

Kutoka Marekani tulichukua kitu cha kikazi zaidi. Mwaka 1980, San Francisco, kilianzishwa chama kiitwacho Black and White Men Together, kikaenea miji mingine. Wengi walikuwa wapenzi na marafiki wa rangi tofauti, na wangeweza kuridhika na kula pamoja Jumapili. Lakini katika baa za mashoga za miaka ile mweusi alisimamishwa mlangoni na kudaiwa vitambulisho viwili au vitatu, huku mweupe aliye nyuma yake akipita bila kuulizwa. Mwenye baa akilalamikiwa alisema ni usalama tu, wote wanaulizwa. Basi matawi ya chama yakaanza kukusanya ushahidi: nani aliulizwa nini, wapi, siku gani. Malalamiko ya mtu mmoja hukanushwa, lakini daftari lililojaa halikanushiki kirahisi.

Tukafanya hivyo hapa. Kulikuwa na mahali pa huduma ya afya, rafiki kwa makuchu, ambako Mganda akienda kuomba vidonge vya kujikinga na virusi alipewa siku ileile, na Mkongomani aliambiwa alete barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Anayeishi Kampala anajua maana ya kumwendea mwenyekiti wa mtaa na kumweleza kwa nini unataka barua ya kwenda kliniki ile. Ni kujipeleka mwenyewe. Tulipolalamika tuliambiwa barua inatakiwa kwa wote. Basi wakaenda wawili wawili, Mganda na Mkongomani, siku moja, swali moja, wakiachana kwa muda mfupi. Kila mmoja aliandika alichoulizwa kabla ya kuongea na mwenzake. Jozi baada ya jozi, majibu yakawa yaleyale.

Kazi ile ilikuwa nzito hasa kwa Waganda. Kaka mmoja wa Makindye aliniambia njiani kwamba miaka yote alidhani tunatia chumvi. Alipokaa kwenye benchi na kusikia kwa masikio yake jinsi mwenzake anavyorudishwa, hakula mchana ule. Ndiye aliyelibeba daftari kwa msimamizi wa pale, akalisoma kwa Kiganda, mstari kwa mstari. Msimamizi, ambaye naye ni mwenzetu, alikasirika kwanza. Kisha akaita wa mapokezi. Ikaonekana mfumo wao wa kuandikisha ulidai namba ya kitambulisho cha taifa, na asiye nayo alitafutiwa karatasi nyingine yoyote. Sasa kadi ya mkimbizi inapokelewa, na asiye na kadi anaandikishwa kwa jina analolitaja. Mahali pengine tulipojaribu njia hiyohiyo, nyumba ya sherehe yenye bawabu, mwenyeji alitujibu kwamba nyumba ni yake na wageni ni wake. Tukaacha kwenda, na Waganda wetu nao wakaacha. Sherehe bado zinaendelea bila sisi.

Sasa nimfikie mzungu wetu. Ni Mbelgiji, mwalimu, mtu mpole, alikuja kwa sababu mpenzi wake ni mwanachama. Unaweza kufikiri jinsi sisi wa Congo tulivyojiweka sawa kwenye viti tuliposikia anakotoka. Siku ya pili alisema anataka kutupa shilingi milioni moja tuanzishie sanduku la dharura. Wengi walifurahi, na mimi nawaelewa, kulikuwa na mwenzetu aliyekuwa amefungiwa chumba chake siku hiyohiyo. Mzee wetu mmoja wa Bukavu aliomba kusema. "Papa, asante," akamwambia. "Lakini ukitia milioni leo, Jumapili ijayo hakuna atakayefungua kinywa kabla yako. Utakuwa hujaomba uenyekiti, na utakuwa nao."

Tulibishana mpaka giza. Uamuzi ukawa kwamba atatoa elfu kumi kama sisi, atapiga kura ya zamu kama sisi, na atapokea fungu zamu yake ikifika. Aliumia, ilionekana usoni, lakini alirudi. Zamu yake ilipofika akasema hahitaji, apewe kijana wa Juba. Wakakataa tena, na kijana wa Juba alikuwa wa kwanza kukataa. Alisema, kwa Kiarabu, na ndugu wa Arua akatutafsiria: chukua pesa yako mkononi mbele ya watu wote, kama sisi tunavyochukua, ukitoka nje, kama unataka kunipa zawadi, nipe kama rafiki. Mzungu akachukua. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza katika bara hili kupokea fedha kutoka kwa watu weusi bila kuuza kitu.

Mpenzi wake ndiye aliyetufungua macho kwa jambo jingine. Nyumba wanayoishi imepangwa kwa jina la Mbelgiji, mkataba wa kazi ni wa Mbelgiji, na ukiisha anaondoka. "Tukigombana leo," alisema, "mimi ndiye ninayetoka na begi." Alisema hayo mpenzi wake akiwa ameketi pembeni yake, na hawakuachana kwa sababu hiyo. Kabla ya hapo tulimhesabu kuwa tajiri, na kanuni zetu zilimweka nje ya sanduku la dharura. Tukazibadilisha. Mtu anapimwa kwa alicho nacho yeye, si kwa cha anayelala naye.

Kuhusu lugha, kanuni ni nyepesi kuieleza na ngumu kuifuata. Mwenyekiti hubadilika kila mwezi na huongoza kwa lugha yake, na mkalimani hukaa mbele, anaongea kwa sauti, hakuna kunong'ona nyuma. Kikao ni kirefu mara mbili. Wapo waliochoka wakaondoka, na nasikitika kuwapoteza, lakini sitaki kurudi kwenye kikao kifupi kinachomwelewesha nusu ya waliopo.

Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, wanafika vijana wapya. Hawana elfu kumi. Wengine hawana hata viatu vya pili. Swali likawa waingieje. Baadhi ya wanachama, na wamo Wakongomani, walisema wasubiri mpaka wapate kazi, maana likelemba ikishindwa mara moja inakufa. Aliyewajibu ni Mganda. Mpenzi wake wa zamani alikimbia sheria za hapa akaingia Kenya, na kwa muda mrefu ameishi kambini Kakuma, akiwa yeye sasa ndiye mgeni asiyejua lugha ya foleni. Alisema: anachofanyiwa yule kule, sitamfanyia mwingine hapa.

Tumepitisha kwamba wapya waanze na elfu mbili kwa fungu linalolingana na hiyo, na wawe na sauti na kura tangu siku ya kwanza. Lakini imepitishwa pia kwamba zamu zao zije mwisho, na hapo mimi nilipiga kura ya hapana, kwa sababu mwenye shida kubwa ndiye anayengojeshwa zaidi. Wanaonipinga wana hoja ya kweli: akipokea mapema na akapata nafasi ya kuhamishiwa nchi nyingine, nani atalipia zamu zilizobaki? Nimependekeza sanduku la dharura libebe pengo hilo kwa kiwango maalumu, na tutalijadili tena mwanzoni mwa mwezi. Mwenyekiti atakuwa kijana wa Juba, kwa hiyo kikao kitaendeshwa kwa Kiarabu. Kama wewe uko kwenye likelemba ya Bukavu, chama cha Nairobi au kikundi chochote ambacho wapya huingia mikono mitupu, niandikie mlivyopanga zamu na mlivyofanya mtu alipoondoka katikati. Nataka kwenda na mifano, si hisia zangu peke yake.